Tunaochapa meseji na vidole vyenye maji: mtetemo wa kibodi unasaidia kweli?

#1 Karani wa Mwaloni (Jumatatu, saa 3:20 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Naleta jambo hili kwa sababu limeshanigharimu, na nataka kujua wenzangu mnafanyaje.

Mimi ni karani wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kazi yangu kubwa ni simu: napokea oda, naandika idadi ya magunia, nawatumia madereva, nawajulisha wenye mzigo walioko mikoani. Naandika nimesimama, daftari kwapani, kidole gumba kimelowa. Mwezi uliopita nilimwandikia dereva aniwekee nafasi ya magunia 40. Meseji iliyomfikia ilisomeka magunia 4. Sifuri niliibonyeza, nakumbuka kabisa, ila kioo hakikuipokea na mimi sikujua. Lori likaja limeshapangwa mzigo wa watu wengine, likabeba manne. 36 yakalala chini ya turubai, na usiku ule mvua ikapiga. Dagaa wakishalowa mnajua wanaishia wapi: kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Mwenye mzigo ni mama anayesomesha watoto watatu kwa biashara hiyo hiyo. Nilimpigia asubuhi kumweleza, na sauti yake bado ninayo masikioni.

Tangu siku hiyo nawaza. Nilipokuwa natumia kitochi sikuwahi kukosea namba namna ile. Kitufe kilikuwa kinazama na kurudi, kidole kinajua kimebonyeza. Namba 5 ilikuwa na kinundu katikati, basi nilikuwa naandika huku namtazama mteja usoni. Simu ya tachi haina kinundu. Gusa A, gusa L, gusa pembeni pasipo na kitu, kidole kinakutana na kioo kilekile.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu aliniwashia mtetemo kwenye kibodi. Kila nikigusa herufi, simu inatikisika kidogo sana. Mtu ukimwita asipoitika, unamwita tena. Akiitika unaendelea na maneno yako. Ndivyo ninavyoisikia simu yangu sasa, inaitika. Kioo kisipopokea mguso, kidole kinajua hapo hapo, kabla jicho halijarudi kwenye kioo.

Naomba kuuliza mambo matatu. Je, hili lina ukweli au ni mimi tu nimelipenda? Linakula chaji kiasi gani? Na kwa nini simu ya mwenzangu pale mwaloni, tukiwasha mtetemo huo huo, anasema unamvuruga kuliko kumsaidia?

#2 Bajaji ya Buzuruga (Jumatatu, saa 3:41 usiku)

Pole sana dada. Mimi niliuzima siku ileile niliponunua simu, ulikuwa unavuma mkononi kama nyuki kwenye kopo. Nipo hapa nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Makoroboi (Jumatatu, saa 4:30 usiku)

Dada Karani, swali lako la tatu ni la kwetu mafundi, acha nilijibu kwa kirefu.

Simu ninazofungua mezani kwangu zina mota za aina mbili. Ya kwanza ni mota inayozunguka. Ina kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja, kizito upande huo tu, hivyo ikizunguka inayumba na simu yote inayumba nayo. Nyingine ni bapa kama sarafu, nyingine ndefu kama punje ya mchele. Hiyo ndiyo imejaa kwenye simu za bei ya chini. Kasoro yake ni kwamba kitu kinachozunguka hakianzi papo hapo wala hakisimami papo hapo. Inachukua makumi ya milisekunde kufikia kasi yake, na umeme ukishakatwa inaendelea kuserereka. Wewe unaandika haraka, umeshafika herufi ya tatu, bado inakutetemekea ya kwanza. Hiyo ndiyo nyuki wa kaka yetu wa Buzuruga.

Aina ya pili haizunguki. Kuna kizito kidogo juu ya springi, kuna koili na sumaku, kinasukumwa kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, mara 150 mpaka 200 na ushee kwa sekunde. Inaanza mara moja, na simu ikiwa nzuri inaifunga breki pia. Unachosikia ni kama "tik" moja safi. Simu hizo zamani zilikuwa za gharama, siku hizi zimeanza kushuka mpaka za bei ya kati.

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu mtetemo usiku kucha na wote wakasema kweli, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja.

Na kwenu mwaloni kuna jambo jingine. Simu ikiingia unyevu, mota ni kati ya vitu vya kwanza kuonyesha dalili. Inapata kutu, inazunguka kwa uvivu, inakoroma. Kama ya mwenzako ilikuwa safi halafu ikabadilika, ailete.

#4 Nyakato Kwetu (Jumanne, saa 1:05 asubuhi)

Kwa heshima zote naomba nipinge. Mtetemo unakwambia umebonyeza. Haukwambii umebonyeza nini. Nikitaka "baba" nikagusa N badala ya B, simu inatetema vilevile kwa furaha na naandika "nana". Makosa yangu mimi karibu yote ni ya herufi jirani: A na S, O na P, N na M, K na L. Hapo mtetemo unasaidia nini? Tena naona unampa mtu imani asiyostahili, kwamba kwa kuwa imeitika basi iko sawa.

#5 Msomi wa Nyegezi (Jumanne, saa 2:50 asubuhi)

Hoja ya Nyakato Kwetu ni nzito na nitaifikia, ila kwanza nimjibu dada kwenye swali lake la kwanza, kwa sababu watu wamelipima.

Mwaka 2008, Eve Hoggan, Stephen Brewster na Jody Johnston wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Scotland walitoa utafiti wao kwenye mkutano wa CHI, wa watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, uliofanyika Florence, Italia. Walilinganisha kibodi tatu: ya vitufe halisi, ya kioo kitupu, na ya kioo chenye mtetemo. Hawakuishia maabara. Waliwapandisha watu kwenye treni ya chini ya ardhi, inayoyumba na kupiga kelele, wakawaambia wachape humo humo. Walichokuta ni kwamba kioo chenye mtetemo kiliboresha uchapaji kwa kiwango cha kuonekana, kikakaribia kibodi ya vitufe halisi. Kisha wakarudia kwa vitetemeshi bora zaidi kuliko mota ya kawaida ya simu, na matokeo yakapanda tena. Hapo ndipo maneno ya Fundi yanapokaa: ubora wa mota ni sehemu ya jibu.

Hiyo treni ya Glasgow ndiyo iliyonifanya niuamini utafiti ule. Mtu aliyewahi kuchapa meseji ndani ya hiace kutoka Nyegezi kwenda Buhongwa anaelewa kwa nini maabara peke yake haitoshi.

Sasa hoja ya Nyakato. Watafiti wale hawakuweka mtetemo mmoja wa kila kitu. Kidole kikifika juu ya kitufe kulikuwa na ishara yake, kikibonyeza nyingine, na kikiteleza kutoka ukingoni mwa kitufe ishara ya tatu. Hiyo ya kuteleza ndiyo dawa ya herufi jirani. Kibodi nyingi za simu zetu zimechukua ile ya kubonyeza tu, zile mbili zikaachwa. Kwa hiyo ndugu yangu hujakosea kuhusu simu uliyonayo mkononi. Lakini lawama iwaendee waliotuletea nusu ya kazi, mtetemo wenyewe tusiuseme vibaya.

#6 Mzee wa Igoma (Jumanne, saa 4:15 asubuhi)

Wanangu, nimesoma hapa nikafurahi. Mimi nilikuwa mpiga chapa serikalini kabla kompyuta hazijaingia ofisi zetu. Tulifundishwa mikono ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, ili jicho libaki kwenye karatasi ya bosi. Vidole vinakaa A, S, D, F kushoto na J, K, L kulia, vinatoka hapo na kurudi hapo. Mashine ilikuwa inasema na wewe muda wote: kitufe kina uzito wake, chuma kinagonga karatasi, mstari ukikaribia kuisha kengele inalia. Ukibonyeza nusu nusu, herufi inatoka imepauka na kidole kilishajua kabla hujaiona.

Kompyuta zilipokuja, angalau waliacha vinundu kwenye F na J. Simu ya tachi ndiyo ya kwanza kuniambia nichape kwa macho, na macho yangu yenyewe ndiyo haya ya uzee. Mjukuu wangu alipowasha huo mtetemo, kitu kimoja kilinirudia: mwendo. Mpiga chapa mzuri ana mwendo kama wa ngoma, na mwendo haushikiki pasipo kitu cha kukujibu mkononi.

#7 Karani wa Mwaloni (Jumanne, saa 7:10 mchana)

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mwendo ndilo nililokuwa nalitafutia neno. Msomi, wabeja sana, nimesoma maelezo yako mara mbili.

Nyakato Kwetu, nakubaliana nawe kwenye herufi. Ila kosa langu mimi halikuwa la herufi jirani, lilikuwa la sifuri iliyokataa kuingia. Kidole chenye maji kina makosa yake mawili: ama kioo hakikisikii, ama kinaona mguso mara mbili. Kwenye maneno msomaji ataelewa tu, "magunaa" atasoma magunia. Kwenye namba hakuna kuelewa. 4 ni 4 na 400 ni 400. Hapo kuitikiwa mara moja kwa mguso mmoja kuna thamani kubwa sana kwangu.

#8 Sato wa Ukara (Jumanne, saa 12:40 jioni)

Wakuu nina shida inayofanana. Mimi nipo kisiwani, mtetemo niliuzoea, lakini jana ulikufa ghafla, leo asubuhi ukarudi wenyewe, jioni hii umekufa tena. Fundi, hiyo ndiyo kutu?

Halafu nithibitishe kitu. Nikiwa kwenye mtumbwi, mashine ikiwashwa, mtetemo wa kibodi siusikii kabisa. Mtumbwi wote unatetemeka, ule mdogo wa simu unamezwa.

#9 Fundi Makoroboi (Jumanne, saa 1:30 usiku)

Sato, angalia kwanza hali ya kuokoa chaji. Kuna simu ambazo betri ikishuka zinajiweka kwenye hali hiyo zenyewe, na mtetemo ni kati ya vitu zinavyovikata mwanzo. Ukichaji usiku unarudi asubuhi. Kama ndivyo, simu yako ni nzima.

Hapo nijibu na swali la chaji la dada. Mguso mmoja unatumia umeme kidogo mno, lakini herufi ni nyingi. Apple walipoweka mtetemo wa kibodi kwenye iPhone, kwenye mfumo wa iOS 16 mwaka 2022, waliandika wenyewe kwamba unaweza kuathiri muda wa betri. Kwa mtu wa mjini mwenye soketi si tatizo. Kwa mtu anayelipia chaji kibandani ajiamulie: anaweza kuuwasha wakati wa kuandika oda na kuuzima wakati wa soga.

Kuhusu mtumbwi, hapo mtetemo umeshindwa na hakuna ujanja. Washa sauti ya vitufe au subiri mashine izimwe.

#10 Naona kwa Vidole (Jumanne, saa 2:55 usiku)

Habari zenu ndugu. Mimi sioni tangu nikiwa mtoto, naishi Pasiansi, na meseji hii naichapa mwenyewe. Nimeona mmezungumza mambo mengi mazuri, nami niseme upande wangu.

Simu yangu inasoma kwa sauti kila kitu ninachogusa. Kwenye kibodi napitisha kidole, inataja herufi, nikifika ninayoitaka nainua kidole na inaandikwa. Mwanzoni nilitegemea sauti tupu. Lakini sokoni au kwenye daladala yenye muziki sauti haisikiki, na spika za masikioni sipendi kuzivaa barabarani kwa sababu masikio ndiyo yananionyesha pikipiki inatokea wapi. Mtetemo ndio uliobaki. Kidole kikihama kutoka kitufe kimoja kwenda kingine nasikia mguso mdogo, kwa hiyo nahesabu. Kutoka ukingo wa kushoto, mitetemo mitatu, nipo kwenye D.

Ndugu wa Nyakato alisema mtetemo haumwambii ni herufi gani. Kwangu unaniambia, kwa sababu nauhesabu. Wenye macho mnauchukulia kama pambo la simu. Naomba watengenezaji wasiuchukulie hivyo, maana simu ya bei ndogo yenye mota mbovu inanifungia mlango mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

#11 Nyakato Kwetu (Jumanne, saa 3:20 usiku)

Naona kwa Vidole, asante sana. Nilikuwa naongea kwa kujiangalia mwenyewe. Nimekuelewa.

Bado niseme kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, kinahusu hizo herufi jirani. Kibodi ya simu haiangalii tu mahali kidole kilipogusa, inakisia pia unaelekea kuandika neno gani, na mguso ukiangukia mpakani inaupeleka kwenye herufi inayodhani unaitaka. Sasa kama kibodi yako imewekwa Kiingereza na wewe unaandika "nitakuletea", inakisia kwa lugha ya watu wengine. Inakuvuta pembeni, na mtetemo unaitika palepale. Wekeni kibodi ya Kiswahili, Gboard ya Google inayo. Nilipobadilisha mimi, makosa ya mpakani yalipungua kuliko nilipowasha mtetemo. Viwili pamoja ni bora zaidi.

#12 Msomi wa Nyegezi (Jumanne, saa 4:05 usiku)

Sahihi kabisa. Na tukiwa kwenye lugha, kuna alama ndogo inayotuhusu sana wa huku: ile ya juu ya "ng'". Bila hiyo, "ng'ombe" anakuwa "ngombe", na majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w ndiyo yanaharibika kabisa. Kwenye kibodi nyingi alama hizi zinatoka ukishikilia kitufe. Ushikilie kwa muda gani? Mtetemo unakwambia: simu ikitikisika, dirisha dogo limefunguka, teleza uchague. Bibi yangu alijifunza hivyo kuandika jina lake sawasawa.

Nyongeza ya kwa nini kidole kinausikia mtetemo mdogo namna ile. Ndani ya ngozi kuna vihisishi vya aina kadhaa. Kimoja kina jina la Filippo Pacini, Mwitaliano aliyevieleza kwenye karne ya 19. Hicho kinasisimka zaidi kwa mitetemo ya karibu 250 kwa sekunde, na kwa hapo kinahisi mtikisiko mdogo ambao jicho haliwezi kuuona. Zile mota za mstari alizotaja Fundi zinacheza jirani na eneo hilo. Ndiyo maana "tik" fupi na dhaifu inatosha, huhitaji simu ikung'ate.

#13 Bajaji ya Buzuruga (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Sasa niambieni mimi mwenye nyuki nifanyeje. Simu kubadilisha sina uwezo kwa sasa.

#14 Fundi Makoroboi (Jumatano, saa 2:15 asubuhi)

Kaka, mpunguze nyuki. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi. Kwenye Gboard shikilia kitufe cha mkato mpaka alama ya gia itokee, ingia sehemu ya mapendeleo, utakuta kuwasha mtetemo wa vitufe na chini yake kiasi cha nguvu. Kwenye simu nyingi nguvu hiyo ni muda, inapimwa kwa milisekunde. Wengi wanaiacha juu. Ishushe taratibu huku ukichapa sentensi ileile, mpaka mtetemo wa herufi moja usiingie kwenye herufi inayofuata.

Ila usishushe kupita kiasi. Mota ya kuzunguka ukiipa muda mfupi mno, umeme unakatwa kabla haijaanza kuzunguka, na hutasikia kitu. Kuna mahali pa katikati na kila simu ina pake. Toa pia kava kama ni lile nene la mpira laini, linameza mtetemo. Nimeona watu wananiletea simu nzima kabisa, shida ni kava.

Na nyie wa nyavu na kamba, ngozi ya kidole gumba ikishakuwa ngumu inasikia kidogo. Jaribuni kidole kingine kabla hamjaongeza nguvu.

#15 Karani wa Mwaloni (Jumatatu iliyofuata, saa 2:30 usiku)

Mrejesho, wakuu.

Mwenzangu alikwenda kwa Fundi, mota ilikuwa imeshika kutu, imebadilishwa, na sasa anauacha mtetemo muda wote. Kibodi yangu nimeigeuza Kiswahili. Nguvu nimeishusha mpaka karibu na chini, sasa ni "tik" tu. Kwenye maneno sijaona tofauti kubwa, nakosea herufi jirani kama Nyakato alivyosema. Kwenye namba tofauti ipo. Mara mbili wiki hii nimebonyeza, sikusikia jibu, nikasimama, nikafuta kidole kwenye khanga, nikabonyeza upya. Mara mbili hizo zingekuwa magunia ya mtu.

Nimeongeza na utaratibu wangu: idadi naiandika kwa tarakimu na kwa maneno. Leo jioni nimetuma "magunia 52, hamsini na mbili, lori la saa 11 alfajiri". Dereva akajibu "hamsini na mbili, nimepata". Yule mama mwenye mzigo amenipa tena kazi yake, na humo kwenye 52 yake ni 20.

#16 Sato wa Ukara (Jumatatu, saa 3:02 usiku)

Hongera dada. Kwangu ilikuwa chaji kweli. Fundi, Ijumaa navuka kuja mjini, meza yako ipo upande gani wa Makoroboi? Simu ya mke wangu iliingia kwenye ndoo ya samaki, inawaka vizuri ila haitetemi.